Linaloshonwa lifumulike

Mwanangu Mwanaisha,

Waalaikum salaam warahmatullahi. Barua yako imefika, mamako akaisoma kwa sauti, nami nikaisoma tena peke yangu. Hapa hatujambo, ila kusi imeshaanza na unyevu umeingia hadi kwenye droo za nguo. Wauliza: ubaki chuoni ukifundisha sanaa, uchukue ile nafasi ya kuhifadhi nyaraka uliyoitiwa, au uache zote mbili ukae na kutengeneza vitabu vyako vya sanaa. Wataka nikuambie ipi kati ya hizo tatu ningekuchagulia mimi babako. Ni swali la haki. Lakini kuna jambo linalolitangulia, nalo ni mkono wako uzoee gundi gani.

Nasema gundi kwa sababu ndiyo inayozitenganisha hizo kazi na ndiyo inayoziunganisha. Umenisikia tangu utotoni: linaloshonwa lifumulike, linalobandikwa libandukike. Nitalisema tena humu, univumilie.

Ya wanga wa ngano uliniuliza kwenye simu na laini ikakatika, basi nakuandikia. Chukua wanga wenyewe uliotolewa protini, si unga wa chapati. Unga huvuta mende na wale vijidudu vya rangi ya fedha wasio na mbawa, na miaka ikipita huwa mgumu na wa manjano. Pima kikombe kimoja cha wanga kwa vitano vya maji. Uloweke kwanza kwa sehemu ya hayo maji yakiwa baridi, uache nusu saa, kisha utie maji yaliyobaki, uweke moto mdogo na ukoroge bila kuachia kwa dakika 25 hadi 30. Utashikana ghafla, na hapo ndipo wengi huzima jiko. Usizime, chembe zote hazijapasuka. Endelea mpaka weupe upotee na gundi ianze kupenya nuru. Iliyoiva nusu hushika leo, kisha kaskazi ikija hubanduka yenyewe na kuacha vumbi jeupe. Ikipoa ipitishe kwenye chujio laini, halafu uilegeze kwa maji kidogo kidogo: ya kuzibia mpasuko iwe nyepesi ya kudondoka kwenye brashi, ya ngozi iwe nzito ya kusimama. Kwa joto la Mombasa haimalizi siku mbili nje ya friji. Ikitoa maji na harufu ya uchachu, mwaga.

Gundi nyeupe ya chupa mimi siichukii, usiseme babako mtu wa kale. Hukauka upesi, hupindika bila kukatika, na kwa boksi au jalada la kitambaa la daftari jipya inafaa kabisa. Ila ikishakauka, maji huivimbisha tu, hayaiyeyushi. Ukitaka kuitoa kwenye karatasi ya zamani utaitoa pamoja na karatasi. Kwa hiyo haigusi kitu ambacho hukukitengeneza wewe. Hapo sina mjadala.

Mpasuko nao, kwa kuwa naona kwenye picha ulizotuma wanafunzi wako wanatumia mkasi kukata ukanda wa kuuzibia. Karatasi ya Kijapani ya kozo ina nyuzi ndefu, na nguvu yake yote iko kwenye hizo nyuzi. Chora mstari wa maji kwa brashi nyembamba, uvute pole pole, upate ukanda wa upana wa milimita 5 hivi wenye nyuzi zilizotokeza pande zote. Ukingo wa mkasi huwa ngazi, na karatasi kavu ya zamani hukatikia papo hapo kwenye ngazi. Paka gundi ukanda, usipake hati. Ulaze juu ya mpasuko, weka kitambaa kisichoganda, karatasi ya kufyonza juu yake, kioo, kisha uzito. Baada ya dakika chache badilisha karatasi ya kufyonza, kwa sababu ya kwanza imeshajaa maji na ukiiacha hati itakauka imejikunyata.

Na mwelekeo wa nyuzi. Karatasi na kadibodi huvimba kwa upana wa nyuzi zake, kwa urefu karibu hazisogei. Nyuzi lazima ziende sambamba na mgongo wa kitabu, kurasa na jalada vilevile. Kata vijiti viwili vya karatasi, kimoja kwa urefu na kingine kwa upana, uviloweshe. Kile kinacholegea na kulala ndicho kilichokatwa kinyume cha nyuzi. Nairobi mtu aweza kukosea asijue. Lakini kitabu kilichojalidiwa huko Januari, hewa ikiwa kavu, kikiletwa huku mwezi wa Mei, jalada lililokatwa kinyume litanyanyuka pembeni, na hakuna shinikizo litakalolirudisha.

Sasa nije kwenye lile jambo. Mamako asema nisilirudie. Nalirudia.

Chuo cha nyanya yako, kile kitabu chake kilichoandikwa kwa mkono, wakikumbuka kilivyokuwa: mashairi na dua, herufi za Kiarabu, wino wa masizi na gundi ya mgunga, vichwa kwa wino mwekundu. Ukiinua karatasi kwenye dirisha uliona zile alama za mwezi mchanga, tatu kwa mstari, za karatasi iliyotoka Italia na kupita kwa wafanyabiashara mpaka pwani yetu. Mshono ulikuwa wa mnyororo, uzi mmoja ukishika mkunjo kwa mkunjo bila kamba wala gundi nyingi. Jalada la ngozi ya mbuzi lililolingana sawasawa na kurasa, na ulimi wa kufunika upande wa mbele. Kilikuwa na matundu ya wadudu, kilikuwa na doa la maji, na kilifunguka vizuri kuliko kitabu chochote cha dukani.

Kikaazimwa kwa maonyesho. Sitaitaja ofisi. Kikarudi katika bahasha, kwa heshima nyingi na shukrani, kila ukurasa peke yake ndani ya plastiki ngumu iliyopitishwa kwenye mashine ya moto, ile ile ya kulaminisha vyeti vya shule. Mashine haipokei karatasi iliyokunjwa, kwa hiyo walichukua kisu wakakata mikunjo yote katikati. Wakakata na matundu ya mshono. Jalada waliliweka kando kwenye mfuko wa nailoni likaota ukungu. Nikiushika ukurasa mmoja leo naona mapovu madogo pale masizi yalipokuwa mazito, kwa sababu gundi ya plastiki haikushika hapo, na pembeni mawimbi, kwa sababu karatasi inataka kuvuta unyevu na plastiki haiachi.

Mpangilio wa kurasa niliurudisha. Waandishi wetu wa zamani waliandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, na neno lile lilituokoa. Lakini karatasi ipi ilikuwa moja na ipi kabla ya kukatwa, mkunjo ulikuwa na karatasi ngapi, ulishonwa kwa matundu mangapi na umbali gani: hayo yalikuwa ndiyo saini ya mjalidi, na hayapo tena popote.

Walikuwa na nia njema. Najua. Nimejiambia hivyo miaka yote hii na bado moyo haukubali. Na nikitaka kuwatetea zaidi, kulaminisha hakukuanzia kwenye duka la fotokopi. Huko Marekani, William Barrow wa Virginia alianza miaka ya 1930 kubandika hati kwa plastiki ya asetati na moto, na hifadhi kubwa zikamfuata kwa miaka mingi zikiona ndiyo sayansi yenyewe. Baadaye plastiki ile ikaanza kuharibika, mingine ikinuka siki, na wahifadhi wakawa na kazi mpya ya kuitoa kwa asetoni karatasi moja moja. Basi hata waliosoma walikosea. Lakini yao angalau ina dawa ya kuitoa. Hii ya dukani gundi yake huyeyuka ikaingia ndani ya nyuzi, na mara nyingi kuitoa ni kuchuna uso wa karatasi. Linalobandikwa libandukike, Mwanaisha!

Na njia salama ilikuwepo, rahisi na ya bei nafuu. Karatasi mbili za plastiki safi ya polista, hati katikati, unaziba kingo tu, milimita 3 hadi 5 nje ya hati, na kuacha pembe wazi kidogo ipumue. Plastiki haigusani na hati kwa gundi wala moto. Siku ukiitaka unakata ukingo na hati inatoka kama ilivyoingia. Tahadhari moja: karatasi yenye asidi, kama ya gazeti au barua nyingi za baada ya 1850 hivi zilizotengenezwa kwa mbao, ikizibwa bila kupunguzwa asidi kwanza huoza haraka zaidi humo ndani. Hiyo iweke kwenye folda isiyo na asidi na uiache.

Nikirudi kwenye swali lako, ndiyo kusema nataka uende kwenye nyaraka? Karibu niseme ndiyo. Barua za Kiswahili za zamani kabisa tulizo nazo ni za Kilwa, mwaka 1711, na ziko Goa, Bara Hindi. Mashairi ya Muyaka, mtu wa hapa hapa Mvita, yaliandikwa na Mwalimu Sikujua kutoka midomoni mwa watu kwa ajili ya Taylor, mmishonari Mwingereza, na makaratasi yenyewe yako London. Sisemi yarudi kesho. Nasema kuna vyuo vingine ndani ya makabati ya Mji wa Kale, Lamu, Siyu, ambavyo havijaenda Goa wala London, na mashine ya kulaminisha iko kila mtaa. Vile vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vilipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, na vyenyewe vikabaki Lamu. Huo ni mfano mzuri. Picha huokoa maneno, mshono huokolewa na mikono iliyofunzwa.

Lakini ujue kazi hiyo ilivyo. Hutakaa ukirekebisha vitabu vizuri siku nzima. Utapima visanduku. Utasoma kipimo cha unyevu asubuhi na jioni: ukivuka 65 kwa mia na kukaa hapo, ukungu huamka, na hapa Pwani hewa ya kawaida ya nje iko juu ya hapo siku nyingi. Kiyoyozi kinachowashwa saa nane mchana na kuzimwa saa kumi na moja jioni kina madhara kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu usiku kuta baridi hutoa jasho na karatasi hupanda na kushuka kila siku. Afadhali pangaboi, rafu zilizo mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na madirisha yenye wavu. Wadudu watoboao ukiwakuta, usipulize dawa. Tia kitabu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, ziba, weka kwenye friji la kugandisha lenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, halafu ukitoe na usifungue mfuko mpaka kesho yake, unyevu usije ukatanda juu ya jalada.

Vitabu vilivyoloa wavijua, uliona mvua za El Niño 1997 zilivyotufanya, sebule nzima imetandazwa kurasa na ami yako akiuliza atakaa wapi. Una saa 48, pengine pungufu, kabla ya ukungu. Vyenye karatasi ya kung'aa vianze, kwa kuwa kurasa zake zikikauka zimegusana hazitaachana tena. Usivianike juani. Usivifungue kwa nguvu. Simamisha, panua kidogo kidogo, tia karatasi nyeupe ya kufyonza kila baada ya kurasa chache na uibadilishe. Vikizidi mikono iliyopo, gandisha, ushughulikie kimoja kimoja baadaye.

Na kabla ya kutia tone la maji kwenye barua yoyote, jaribu wino. Masizi hukaa juu ya karatasi na gundi yake yaweza kuyeyuka. Ule wino wa chuma wa barua za kiserikali, unaogeuka kahawia na kula karatasi, ni hatari ya namna nyingine: maji husambaza chuma kikatoka nje ya mstari, na miaka michache baadaye doa lile nalo huanza kula.

Kuhusu kufundisha, sikubaliani na ulivyoandika kwamba ni kazi ya kungojea nyingine. Mfikirie Hedi Kyle, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Philadelphia. Alikuwa mhifadhi mkuu wa maktaba ya American Philosophical Society, na kwa miaka mingi akafundisha sanaa ya vitabu pale University of the Arts, na akabuni maumbo yake mwenyewe ya vitabu. Kile kitabu chake cha bendera cha 1979, chenye vipande vya karatasi vilivyobandikwa kwa safu kwenye mgongo wa mikunjo, ndicho hicho unachowafundisha wanafunzi. Nacho nina neno. Mgongo wa mkunjo wa feni uwe wa karatasi nzito, nyuzi zikisimama wima, la sivyo hulegea. Bendera za safu ya juu na ya chini zibandikwe upande mmoja wa mkunjo, za kati upande wa pili, na baina ya safu uache milimita 3 au zaidi. Wanafunzi wako wameacha 1, ndiyo maana bendera zinagongana na kitabu kinakwama kikifunguliwa. Kyle aliyajua maumbo hayo kwa sababu kila siku alikuwa akivifungua vitabu vya watu wa kale kutazama vimeshikwaje. Uhifadhi ulimlisha usanii, usanii ukamlisha darasa.

Halafu najipinga mwenyewe. Chuo kile cha Philadelphia kilifungwa Juni 2024, tangazo likitoka wiki moja tu kabla. Kwa hiyo ukisema kufundisha ndiko kwenye usalama, mimi siuoni. Wala kwenye nyaraka siuoni, bajeti yake ndiyo ya kwanza kukatwa.

Darasani anza na mshono wa matundu matatu kabla ya kingine chochote. Sindano itoke ndani kwenda nje kwa tundu la kati, iingie tundu la juu, ipite ndani moja kwa moja hadi tundu la chini bila kugusa la kati, itoke, irudi ndani kwa la kati. Ncha mbili za uzi zikae kila moja upande wake wa ule uzi mrefu, ufunge fundo juu yake. Uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, urefu mara tatu wa mgongo. Anayefunga fundo bila kuukumbatia uzi mrefu, mshono wake utalegea. Kisha mwambie afumue na ashone upya. Asiyewahi kufumua mshono wake mwenyewe nisingempa cha mtu mwingine.

Na vitabu vyako vya sanaa? Hapa ndipo ninapobishana na nafsi yangu zaidi. Kitabu chako ni chako, ukitaka kukimwagia lami mwaga. Kwa nini msanii afungwe na sheria ya mhifadhi? Lakini kila nikisema hivyo nakumbuka Florence, kule Italia. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika ukazamisha maktaba ya taifa, wakaitwa wajalidi kutoka nchi nyingi, Peter Waters wa Uingereza akiongoza kazi. Mwenzake Christopher Clarkson aliona jambo pale kwenye tope: vitabu vya jalada laini la ngozi, visivyo na ubao, vilivyoshikwa kwa mishipi bila gundi mgongoni, viliyahimili maji kuliko vile vya fahari. Waliovitengeneza walikuwa wakitafuta tu jalada la bei ndogo. Basi siwezi kusema kwamba lifumulikalo halimhusu msanii.

Vile vya leso ulivyonionyesha Idi nimevipenda, na nilikuambia. Ila leso mpya ina wanga wa kiwandani na rangi inayotoka. Ifue kwanza kwa maji ya moto. Kisha ilaze kifudifudi juu ya kioo, uiloweshe, uinyooshe nyuzi zake zote zikae sawa, upake gundi ya wanga karatasi nyembamba ya kozo, uilaze juu yake na kuisugua kwa brashi kutoka katikati kwenda nje. Ukiiruka hatua hiyo, gundi itachomoza usoni mwa kitambaa pale jina la leso lilipo, kama ilivyotokea kwenye kile cha bluu.

Nina jibu la swali lako, nalo linaniwasha. Mamako analijua na amenikataza kuliandika. Asema nikiliandika utalifuata kwa kunistahi, na baada ya miaka utakuwa unaishi kazi yangu. Sitaki kukubali, lakini nakubali. Basi nakupa maswali ya kuwauliza hao waliokuita kabla hujatia saini. Nani anasoma kipimo cha unyevu, na daftari la vipimo vya mwaka jana liko wapi? Wakikuonyesha kipimo kisicho na betri, ushajua. Je, ofisini kuna mashine ya kulaminisha, na inatumika kwa nini? Mwenye hati ya familia akija nayo, wanamshauri nini: kuiacha, kuipiga picha, au kuizuia? Na Jumamosi zako zitakuwa zako? Kwa sababu kama ni hivyo, darasa dogo la wajalidi vijana laweza kukaa hapa kwetu, chumba cha chini ni kitupu tangu mjomba wako ahame.

Nipe vipimo vya kile kitabu kikubwa unachokipanga, urefu, upana na unene wa kurasa zikiwa zimeshinikizwa, si zikiwa zimelegea. Nitakukatia kadibodi ya milimita 2, nyuzi wima, nimpe dereva wa basi la usiku akuletee. Bafta ya mgongo nunua huko huko, uifue.

Babako
Mombasa